Kichwa Kisiguse Mkeka

4 Februari

Kaka,

"Mtu akishapita hamsini, sakafu ni ya kufagia, si ya kubingirikia." Hayo ni maneno yako. Uliyasema kwenye simu Jumapili, ukacheka, ukakata. Nimeyaandika mwanzo kabisa ili usije ukayakana. Sasa nayajibu.

Kwanza, aliyekuwa akifagia ni nani? Mimi. Sakafu ya nyumbani niliifagia tangu nina miaka sita, naijua ufa kwa ufa. Wewe ufagio hukuwahi kuushika, lakini ulibingirika juu ya sakafu za watu miaka ishirini, wakakupigia makofi na kukuita Paka. Leo wewe ndiye wa kunigawia haki ya sakafu? Pili, sakafu haiulizi umri. Inampokea mtoto wa miaka miwili na mzee wa themanini kwa ugumu uleule. Kama kuna mtu anayehitaji kufundishwa namna ya kufika chini, ni yule ambaye mifupa yake haitaki tena mzaha. Kwa hoja yako, tungefundisha kuogelea samaki peke yao, na wanaozama tuwaambie wamechelewa.

Kwa hiyo nimejiandikisha. Nyuma ya kiwanda chetu cha uchapaji kuna ukumbi. Napita mlangoni pake kila siku nikienda kusahihisha vitabu vya watu, na mlangoni kuna tangazo: "Mafunzo ya sarakasi ya miaka sita hadi kumi na sita." Kocha ni msichana ambaye ningeweza kumzaa. Akaniambia, "Samahani mama, ni ya watoto." Nikamwambia, "Mwanangu, tangazo lenu linasema mafunzo ni ya miaka sita hadi kumi na sita. Nina hamsini na miwili. Nikianza leo, nikisoma yote, nitamaliza nikiwa na sitini na minane. Niko tayari." Akalisoma tena tangazo. Akanitazama. Akasema, "Vua viatu."

Tuko kumi: watoto tisa na mimi. Jumamosi hii tumejifunza kuchuchumaa na kukaa chini bila kujibwaga. Umecheka? Jaribu. Nilijibwaga mara nne. Binti mmoja wa miaka saba aliniangalia kwa huruma, akasema, "Bibi, unaiogopa sakafu? Mbona haikimbii?"

Sasa nina maswali, na wewe ndiye mjuzi pekee ninayemjua. Mtu anapopinduka mbele, uzito unapita wapi? Mikononi? Mabegani? Nani anasukuma, miguu au tumbo? Na lile swali la zamani hujanijibu. Nilikuwa na miaka tisa, ukapinduka mara saba uani ukasimama wima bila kuyumba. Nikakuuliza: pale katikati, miguu ikiwa juu, mtu huona nini? Ukasema, "Wewe una sketi, nenda ndani." Nilikwenda ndani. Swali halikwenda.

Jibu kwa barua. Kwenye simu unanikata kauli. Karatasi haikati mtu.

Mdogo wako,
Kalamu Nyekundu


13 Februari

Mdogo wangu Kalamu Nyekundu,

Barua imefika na matusi yake yote. Ulizaliwa ukibisha. Mkunga alitaka ulie, ukamtazama kama unayemuuliza kwa sababu gani.

Mimi sijambo. Natoka asubuhi, narudi jioni. Vijana wa kikundi cha zamani bado wananiita hapa na pale niwaelekeze, sina hata nafasi ya kukaa. Ndiyo maana sikupigii simu.

Sikubaliani na wazimu wako, lakini mtu akiamua kurukia kisimani, heri aoneshwe maji yalipo. Kikundi chetu kilikuwa na sheria moja, nayo ni maneno mawili: usianguke, jiangushe. Anayeanguka, ardhi imemshika yeye. Anayejiangusha, yeye ameishika ardhi. Mengine yote ni mapambo.

Haya. Chuchumaa. Viganja chini mbele yako, upana wa mabega, vidole vitazame mbele. Kidevu kifuani, kibane kabisa, kama umebana barua na hutaki idondoke. Inua makalio mpaka magoti yakaribie kunyooka. Kichwa kiguse mkeka, uzito uupokee kwa mgongo wa juu, pale mabega yanapokutana. Miguu ndiyo inayosukuma, tumbo linakunja. Kisha kumbatia magoti, mgongo uwe mviringo kama bakuli, utajikuta umeketi. Anayejua husimama moja kwa moja bila kushika chini. Wewe shika tu.

Kuhusu unachokiona katikati: utaona mwenyewe.

Kaka yako,
Paka


25 Februari

Kaka,

Naandika nikiwa nimekaa kama sanamu, maana shingo yangu haigeuki kushoto. Mtu akiniita kwa upande huo inabidi nizunguke mwili mzima kama lori.

Alhamisi jioni nilitandika godoro sebuleni. Nikachuchumaa. Viganja chini, vidole mbele. Barua yako nikaikunja nikaibana kwa kidevu, kwa sababu ukiniambia "kama" nami nataka kujua. Nikainua makalio. Halafu nikatii: nikausimika utosi kwenye godoro na kusukuma. Nilisikia shingo ikisema neno moja fupi. Sikupinduka mbele. Nilidondoka ubavuni, nikaiangusha meza ndogo, na barua yako ikaruka mpaka chini ya kabati.

Jumamosi nilimwonyesha kocha nilivyofanya. Alipiga kelele. "Mama! Nani amekufundisha kusimamisha kichwa chini?"

"Kaka yangu. Mwanasarakasi wa miaka ishirini."

"Basi kaka yako ana kisa na wewe."

Akaniambia kichwa hakifanyi kazi yoyote. Kinapita tu, kimejikunja, hakigusi kitu. Nikambishia, unajua siwezi kujizuia. Nikamwambia kupinduka huku kunaitwa kichwangomba. Limeanza na kichwa! Yule binti wa miaka saba akaingilia: "Bibi, na kifungua kinywa je, kina kisu cha kufungulia mdomo?" Kama una jibu, niandikie.

Nikaitoa barua chini ya kabati nikaisoma upya. "Kichwa kiguse mkeka." Kaka, ulitaka kusema kisiguse. Imekosekana "si". Herufi mbili. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba, kuwinda herufi za namna hiyo, na hii imenipita mbele ya macho kwa sababu sentensi iliyobaki ni Kiswahili safi kabisa.

Na hapo ndipo nilipoanza kuwaza mambo mengine, maana mtu asiyeweza kugeuza shingo ana muda mwingi wa kuwaza. Kiswahili safi? Wewe? Wewe unayeandika "mutu" na "mukono," uliyekataa tangu darasa la pili kuamini kwamba herufi mbili zinaweza kusimama pamoja bila "u" ya kuzishika? Nimekusahihisha miaka arobaini na hujawahi kupona. Barua nzima haina "mutu" hata mmoja. Tena h zako ni viti vilivyovunjika mguu; h za barua hii zina mikia mizuri kama zimeshonwa.

Nani anakuandikia? Na mkono wako una nini?

Kalamu Nyekundu


2 Machi

Kwa Dada wa Paka,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo, salamu zinatosha. Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko chini ya ngazi za nyumba anayokaa kaka yako. Barua yako nilimsomea mwenyewe. Nilipofika pale pa kuuliza "nani anakuandikia," alisema, "Funga, weka kwenye droo." Nimeifunga. Hakusema nisiijibu.

Ile "si" ni yangu. Alinitamkia vizuri, "kisiguse," na akairudia. Mteja akaingia na suruali, nikainua kichwa kumjibu, niliporudi kwenye karatasi nikawa nimeiruka. Mimi nikikosea mshono mmoja, shati zima linavutika. Kumbe na shingo ya mtu. Nisamehe.

Sasa yaliyobaki. Kaka yako alianguka bafuni mwezi wa kumi. Akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa ulishaunga, daktari alisema auzoeshe mkono kidogo kidogo, atembee, aishi. Hakutoka tena. Ngazi zetu ni ishirini na mbili, nzima, zina mwanga. Yeye hufika mlangoni pake, anazitazama, anarudi ndani. Mwezi wa tano sasa. Nampelekea chakula, namshonea vifungo ambavyo havijakatika ili nipate sababu ya kupanda. "Nikitulia sitaanguka," ndiyo kauli yake. Hao vijana wa kikundi sijawaona. Aliniambia niandike anatoka asubuhi anarudi jioni, nikaandika. Kalamu ilikuwa yangu, uongo ulikuwa wake.

Jambo moja zaidi. Barua yako ya kwanza niliposoma pale mtoto anapokuuliza kama unaogopa sakafu, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniomba nipasome tena. Mara ya pili hakucheka.

Wako,
Fundi Cherehani wa Chini


8 Machi

Kaka,

Usimlaumu fundi. Ukimlaumu nitakuja mwenyewe, na hilo hulitaki.

Kwa kweli nilikuwa nakuja. Nilifunga begi, nikafika mlangoni, nikarudi nikalifungua. Nakujua. Ungevaa shati safi, ungeketi kwenye kile kiti kirefu, ungenisimulia mapindu saba ya uani, na nikiondoka ungerudi kusimama juu ya ngazi. Sitaki kukuona Paka. Nataka ushuke.

"Nikitulia sitaanguka." Hoja gani hiyo? Mtu aliyejifungia miezi mitano juu ya ngazi ameshaanguka, ila hajafika chini. Unadhani unaikwepa sakafu, na hali umesimama juu yake mchana kutwa! Ulinifundisha maneno mawili. Yameniingia, yananisaidia, nimeyaandika kwenye karatasi ya ukutani kazini. Kisha wewe mwenyewe umeyaacha juu ya kabati kama viatu vya mgeni.

Basi leo mwalimu ni mimi, na nimesoma hatua zote kwa sababu nimezipita wiki hii. Tandika godoro. Shuka goti moja, kisha la pili, kaa kwa nyonga, lala. Hapo umejiangusha. Amka. Rudia mara tano. Hata ukichukua nusu saa, mara tano. Kesho yake, lala chali, kumbatia magoti, ubembee mbele na nyuma juu ya uti wa mgongo kama kiti cha kubembea. Kidevu kifuani: bana barua hii. Kichwa kisiguse. Ki-si-gu-se. Nimehesabu silabi, zimetimia. Baada ya hapo ngazi ni godoro lililosimama tu. Shuka ukiwa umekaa kama lazima. Nani amekuambia ngazi hushukwa kwa heshima?

Shingo yangu inageuka sasa. Bado sijapinduka. Nafika pale makalio yanapopanda, nasimama hapohapo kama swali. Na muda wangu unaisha: kamati ya ukumbi imelisahihisha tangazo. Sasa linasema "kwa wanafunzi wenye umri wa miaka sita hadi kumi na sita." Miaka ishirini na saba nawaomba watu waandike kwa usahihi, na siku walipoandika ni ili kunitoa nje! Kocha amenibakizia Jumamosi tatu, anajifanya hajaliona.

Jibu kwa mkono wako. Sijali umekakamaa. Nataka makosa yako.

Kalamu Nyekundu


21 Machi

Mudogo wangu,

Naandika na mukono wa kulia. Usicheke.

Siku ile bafuni nilikuwa naimba. Sabuni ikaponyoka, nikainama kuiokota, nikajikuta chini. Sabuni! Ningeanguka toka mabegani mwa watu watatu ningekuwa na hadithi ya kusimulia mupaka nife. Sabuni nitamuambia nani? Nililala pale nikisubiri nipate aibu kidogo kidogo kuliko yote mara moja.

Nikagundua kitu. Miaka ishirini nilijua kujiangusha. Kuanguka sikujua. Siku zote niliamua mimi. Siku ile iliamua sakafu, haikuniuliza. Tangu hapo nikitazama ngazi nazisikia kama zinaamua.

Nimelala sakafuni mara tano. Mara ya kwanza kuamka, chai iliyokuwa jikoni ilikauka. Mara ya tano ilikuwa nzuri. Kubembea pia. Barua yako ilidondoka, nikaibana tena.

Jana nimeshuka ngazi tisa, kwa makalio, kama mutoto. Fundi alikuwa chini anapiga pasi nguo ambayo ilishanyooka. Hakuinua macho. Nilikaa kidogo, nikarudi juu.

Kifungua kinywa hakina kisu. Muambie huyo binti ameshinda.

Ukipinduka, niambie umeona nini. Sikukuficha siku ile. Sikuwahi kutazama. Baadaye watu wakaanza kupiga makofi, nikawa nasikiliza makofi.

Paka


30 Machi

Kaka,

Nimepinduka. Jana, saa nne na robo asubuhi, mkeka wa tatu kutoka dirishani.

Nilikuwa nimesimama tena kama swali, makalio juu, na yule binti akasema nyuma yangu, "Bibi, ukikaa hivyo sana damu itasahau njia." Nikacheka, na kicheko kikanisukuma. Mikono ikabeba, kichwa kikapita bila kugusa hata uzi, mabega yakashika, mgongo ukazunguka. Kisha nilikuwa nimeketi natazama ukuta mwingine. Watoto tisa wakapiga ukelele. Nikasimama. Niliposimama nilishika chini kwa mkono mmoja, usimwambie mtu.

Sasa, nimeona nini? Miaka arobaini na mitatu nilidhani huko katikati kuna ajabu fulani, anga chini na ardhi juu. Hakuna. Kidevu kikiwa kifuani, dunia huioni. Nimeona kifungo cha pili cha blauzi yangu, na uzi wake umelegea. Basi. Nilikiona wazi kuliko kitu chochote mwaka huu. Nilipofika nyumbani nilicheka jikoni peke yangu: yaani hiyo ndiyo siri niliyofukuzwa uani nisiione?

Ilikuwa Jumamosi yangu ya mwisho. Kocha ameniambia sababu ya kamati: "Wakubwa wakianguka wanaumia." Nimeshanoa kalamu.

Kwako zimebaki ngazi kumi na tatu. Njoo. Nahitaji shahidi ambaye kamati haiwezi kumwambia hajui sarakasi. Tena mimi nilitazama kwa niaba yako. Njoo utazame mwenyewe.

Mdogo wako


19 Aprili

Kwa Kamati ya Ukumbi,

"Wakubwa wakianguka wanaumia." Hivyo ndivyo mlivyomwambia kocha. Tunawashukuru, maana mmetuandikia hoja yetu kwa maneno matatu. Wanaumia. Wengine wanavunjika mkono, na wengine hawavunjiki kitu lakini hawatoki tena nyumbani. Hiyo hasa ndiyo sababu wanapaswa kufundishwa, na ninyi mmeigeuza kuwa sababu ya kufunga mlango. Mtoto mnayemfundisha leo ataanguka mara elfu na kuinuka bila msaada wenu. Wazazi wake, na bibi yake anayemsubiri nje kwenye benchi, wanaanguka mara moja.

Anayeandika ni yule mwanafunzi wenu wa miaka hamsini na miwili. Mezani nilipo ameketi kaka yangu. Miaka ishirini alipinduka mbele ya watu. Miezi mitano hakuweza kushuka ngazi ishirini na mbili. Jumatatu iliyopita asubuhi alizishuka zote, nane za mwisho kwa miguu. Akakaa kwenye ile ya chini kabisa dakika kumi, kisha akaomba begi lake. Amekuja na jirani yake, fundi cherehani, aliyefunga duka siku nne. Fundi anasema anataka kuhakikisha kwa macho kwamba kichwa hakigusi.

Hatutaki saa ya watoto. Tunataka Jumamosi saa moja asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, mikeka mitatu na kocha, ambaye ameshakubali kuamka. Tangazo tumewaandikia, limeambatanishwa, halina kosa: "Mafunzo ya kujiangusha, kwa yeyote aliyewahi kuanguka." Libandikeni chini ya lile la kwanza.

Mstari wa mwisho ameuandika kaka yangu kwa mkono wake. Mimi sijausahihisha, na ninyi msiuguse.

Kalamu Nyekundu, Paka na Fundi Cherehani wa Chini

Kamati, mulango wenu una ngazi tatu tu, nimezihesabu jana na nimezipanda. Jumamosi saa moja tutakuwa juu yake. Fungueni mulango.